Jiwe ya Kabange

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba

Nilisafisha kamba tena leo. Beseni, mayi baridi, sabuni kidogo. Mita kwa mita na vidole, sawa vile bamama banatafutaka chawa mu kichwa ya mutoto. Hakuna fasi yenye kukatika. Niliitandika mu kivuli. Jua inakulaka kamba pole pole, muntu haoni, kisha siku moja uko chini.

Ekru kumi na mbili ya reli, kila moja na kakamba yake. Unaingiza ekru mu mupasuko ya jiwe, inakwama, unapitisha kamba pale. Kaske mbili. Mikaba mbili ya kupandia, ile padri muzungu alituachia wakati alirudia kwabo ku milima. Yangu inapauka. Bukle yake, chuma ya kufungia, ingali nguvu.

Ijumaa tunaenda ku Mapasa. Niliisha kusema, haibadilike.

Miaka mine nangojea. Mawe mbili kule ku plato, inchi ya juu, siku nzima ya njia toka kwetu Kamina, zinasimama mu muchanga. Hakuna mayi, hakuna muti ya maana, paka tu majani makavu na upepo. Jiwe ya muchanga, nyekundu, inavunjika mu mukono kama hauijue. Mukubwa banaita Kyungu, mwembamba banaita Kabange, sawa majina ya mapasa yote ya kwetu. Kyungu tulipanda, minyi na Mukendi, mbele ya yeye kuoa mutoto yangu Numbi. Kabange hakuna muntu aliipanda. Bantu ya kule banasema: ukisalimia pasa mumoja na mwenzake unamupita, yule atakasirika. Njo vile nilifanya. Kila mwaka naona haya.

Niko na miaka makumi tano na nane. Magoti inalia kila asubuhi. Kama haiko mwaka huu, haiko tena.

Mukendi alipita mangaribi kuuliza saa ya kutoka. Aliongea na mulango. Zamani alikuwa anasema mingi mpaka namuambia funga kinywa. Sasa macho chini, "eyo vidye, eyo vidye", ndiyo bwana, ndiyo bwana, sawa vile minyi njo chefu ya bantu yote. Basi, njo bukwe, haya ya mukwe mbele ya baba ya bibi yake. Minyi sikutunga ile sheria.

Jumatano, tarehe 9

Mazoezi ku tanki ya mayi ya zamani, ile yenye miguu ya chuma, pale kwenye robinet, bomba ya mayi ya kartie yetu. Mara ya kwanza kupanda na Mukendi toka siku ya ndoa. Mwaka nzima.

Naandika vile ilikuwa.

Nilifunga mukaba. Mukendi alikaribia, aliinama, alinyosha mukono ku bukle yangu. Padri njo alitufundisha vile: mukono yako ku mukaba ya mwenzako, mukono yake ku yako, kila mara, hata kama unapanda na askofu. Miaka kumi tulifanya vile, minyi na huyu Mukendi, ku piloni za simu na ku mawe. Lakini leo bamama balikuwa pale na bidon zabo. Mumoja alipiga kelele: "Yo! Mutazame mukwe, anataka kutosha papa mukwe suruali!" Bote balicheka.

Damu ilipanda ku kichwa. Nilisema kwa nguvu, bote basikie: "Mukendi! Weye ulioa mutoto yangu. Macho yako haina kazi mu kiuno yangu. Kwenu Kasai habakukufundisha?"

Alirudisha mukono sawa muntu mwenye kushika moto. "Eyo vidye. Unisamehe, papa."

Numbi alikuwa pale, anateka mayi. Alibeba beseni ku kichwa, alienda. Hakunitazama.

Nilikuwa na furaha. Iandikwe vile. Nilipanda ile tanki mpaka juu bila kupumzika, sawa kijana.

Bibi yangu alisema: umuite, mukule kuku moja pamoja, ile haya iishe, njo vile bazee banafanyaka. Kweli, njo vile. Kisha ya kuku, mukwe anaweza kukutazama, kukushika mukono, kucheka na weye. Nilimuambia angojee kwanza. Angojee nini? Hakuna kitu. Nilikuwa napenda vile anainama.

Ijumaa, tarehe 11

Tumefika. Taksi-moto mpaka njia ilikufa, kisha kinga, baiskeli ya kusukuma muzigo, kisha miguu. Vumbi mu meno. Mukendi alisukuma kinga na muzigo yote njia nzima, hakulalamika. Kama angelalamika ningefurahi kidogo.

Muzee ya kijiji alitupatia mupemba, ule udongo mweupe. Tuliweka ku Kyungu, tuliweka ku Kabange, kiasi sawasawa, hata chembe moja isizidi. Mupemba yenye ilibakia tulitia mu mufuko, juu ya kusaidia mikono kama inatoka jasho. Muzee alicheka, alisema mapasa habatakataa.

Nilipiga jiwe na nyundo ku miguu yake. Fasi ingine inalia nguvu, fasi ingine inalia sawa ngoma. Yenye inalia sawa ngoma usiguse, ndani iko bule, iko wazi.

Niliiona mupasuko. Inapanda toka chini mpaka kitako ya pili, ile fasi ya jiwe yenye muntu anaweza kusimama, inageuka kushoto. Inawezekana. Eh Mungu, inawezekana.

Jumamosi, tarehe 12, asubuhi

Baridi mingi. Vidole haisikii kitu. Mukendi alichemsha chai, aliweka kikombe ku jiwe, alirudia nyuma ili niikamate. Heshima mpaka kuchosha.

Upepo kidogo. Tunaenda.

Ijumaa, tarehe 18, lopitalo

Niko hai. Muguu ya kuume, chini ya goti, mifupa ilivunjika fasi mbili. Mbavu tatu. Platre ku muguu inauma, inawasha, inanuka. Munganga anasema nitatembea. Kupanda hakusema. Sikuuliza.

Naandika kidogo kidogo, juu kupumua kunachoma.

Nilipanda wa kwanza, Mukendi chini anashika kamba. Ilienda muzuri. Kitako ya kwanza nilipita. Karibu na ya pili niliingiza ekru ya sita, nilipitisha kamba, nilipiga kelele "Kaza!" ili nipumzike. Alikaza. Nilikaa mu mukaba.

Mukaba ilifunguka. Haikukatika, ilifunguka. Ulimi yake, ile ncha ya mwisho, ilikuwa inapita mu bukle mara moja tu, sikuirudisha mara ya pili. Ilitelemuka sawa nyoka. Nilianguka mugongo mbele, mpaka kitako ya kwanza. Kama haiko ile kitako, leo bangekuwa banakula bukari, ugali ya kilio yangu.

Kuvaa mukaba nilienda nyuma ya jiwe. Juu mukwe asione kiuno. Vidole ya baridi, haraka, peke yangu.

Mukendi alipanda kunifata bila muntu wa kumushika kamba. Nilimuona anakuya, mikono mitupu ku jiwe yenye inavunjika, na kinywa yake inasema sala. Alishusha mukaba yenye ilibakia ku kamba, alinifunga yeye mwenyewe. Alirudisha ulimi mara ya pili. Alinishusha. Alikata miti, alifunga muguu na shati yake. Kisha alinibeba ku mugongo mpaka ku kijiji. Mugongo yake ilikuwa mayi. Nilimutukana njia yote kwa maumivu. Hakujibu.

Ku lopitalo bandugu balimuuliza: ilikuwa namna gani? Alisema: "Sikuangalia mukaba ya papa. Kosa iko yangu."

Nilikuwa macho. Nilisikia. Nilifunga macho.

Jumapili, tarehe 20

Kisha ya misa bandugu balijaa mu chumba. Yaya Kaumba, ndugu yetu mukubwa, alisimama ku miguu ya kitanda sawa muntu wa kufunga mukutano. Alisema Mukendi alijua kazi, miaka kumi, hawezi kusahau mukaba. Alisema hakusahau. Alisema bale bantu banajua kungojea saa ya kulipiza. "Bale bantu." Alisema Numbi arudie nyumbani mpaka bukoo ya Mukendi ije kujieleza.

Bote balinitazama.

Nilisema mbavu inauma. Nilisema banipatie mayi. Kweli mbavu ilikuwa inauma. Iliuma vizuri, kwa saa yake.

Bibi yangu aligeuka. Alipanguza meza ndogo yenye haikuwa na uchafu.

Jumanne, tarehe 22

Balinirudisha nyumbani leo. Platre mpaka juu ya goti. Kiti mbele ya mulango. Kila mwenye anapita mu njia anasema "pole, Papa Ngoy" na anamutukana Mukendi kidogo ili kunifurahisha.

Numbi iko hapa. Yaya Kaumba alituma batoto yake babebe matelas, godoro yake. Mwaka moja ya ndoa, na matelas yake inarudi ku kichwa ya bantu, mu mwangaza, kartie yote inaona. Alipita mbele yangu. "Jambo, papa." Basi.

Anapika. Anafua mashuka yangu. Anaweka sahani karibu ya mukono yangu, anatoka. Bukari yake iko muzuri kupita ya mama yake. Naiacha nusu.

Mukendi hakufika. Habakumuruhusu.

Alhamisi, tarehe 24

Leo Numbi alileta sombe, majani ya muhogo, na samaki ya Bukama. Aliweka. Hakutoka. Alisimama, mikono ku tumbo, macho chini sawa mwanamuke mwenye alizaliwa vizuri. Alisema:

"Papa, minyi nilikuwa pale ku robinet."

Ile tu. Kisha alitoka.

Hawezi kusema zaidi. Mutoto hatoe baba yake inje mbele ya bantu, minyi njo nilimufundisha. Nilimufundisha muzuri. Anakufa na ndoa yake mu kinywa na hawezi kunitaja.

Ngoja niandike yenye ilibakia, juu niliificha hata kwa hii kayé, daftari yangu. Muntu anaweza kusema bongo, kudanganya, mpaka ku karatasi yake mwenyewe. Aka!

Mukendi aliona.

Pale chini ya Kabange, nilitoka nyuma ya jiwe, nimevaa. Ulimi ya mukaba ilikuwa inaning'inia. Aliiona, najua, juu macho yake ilishuka, ilikaa pale, ilikimbia. Alikohoa. Alisema: "Papa, tuangalie bintu yote tena mbele ya kupanda?"

Bintu yote. Hakusema mukaba. Hawezi kusema mukaba.

Nilisema: "Bintu iko muzuri. Weye shika kamba."

Alikohoa tena. "Papa, baridi iko mingi. Tungojee jua kidogo?"

Nilimuambia kama anaogopa arudie kwabo. Alishika kamba.

Mara mbili alinibishia mulango. Alifanya yote yenye nilimuachia. Na alipofika ku lopitalo hakusema "nilimuonya". Hakusema "alinikataza". Alikamata kosa yangu, aliivaa.

Na kuko ingine. Wakati ule wa kufukuzana, wakati bantu ya hapa balifukuza bantu yenye asili ya Kasai, nilikuwa na miaka makumi mbili na tano. Baba yake Mukendi alikuwa karani, jirani yetu, muntu wa kusalimia kila asubuhi. Nilimuona ku gare na bibi yake na mizigo, juu ya saruji, siku na siku, banangojea treni ya kubarudisha Kasai, fasi yenye yeye mwenyewe hakuzaliwa. Sikumufukuza. Sikutupa jiwe. Nilisimama tu, mikono mu mufuko. Kisha balirudi, na nilimusalimia tena sawa vile hakuna kitu kilipita. Alinijibu. Alikufa bila kuniuliza.

Kunyamaza njo kazi yangu ya kwanza. Piloni ilikuya nyuma.

Jumapili, tarehe 27

Kikao iko Ijumaa, mu lupango, kiwanja ya nyumba ya Yaya Kaumba. Bukoo ya Mukendi itakuya. Yaya anataka ndoa ikatwe. Anasema ni juu ya heshima yangu. Sasa heshima yangu inaenda kula ndoa ya mutoto yangu, na minyi niko mu kiti nafukuza nzi.

Bibi yangu alinisaidia kugeuka. Nilimuambia: kama Mukendi angesema mbele ya bantu "papa, mukaba yako iko mubaya", ningemupiga kofi. Alisema: "Najua. Na yeye anajua." Alinifunika muguu. Hakukasirika, na ile ilinichoma kupita matusi.

Sikuenda misa. Padri ya parokia alituma komunyo. Niliikataa, nilisema tumbo.

Ijumaa, tarehe 1 mwezi wa nane

Balinibeba na kiti, bantu baine, sawa sanamu ya mutakatifu. Hakuna mutakatifu pale.

Mukendi alikuya na manseba yake, ndugu ya mama yake, muzee mwenye miwani, karani pia. Balikaa ku kibao. Numbi alikaa na bamama, karibu na jiko.

Yaya Kaumba alisema mingi. Sikuandika. Kisha aliuliza: "Mukwe, unasema nini?"

Mukendi alisimama. Alikonda. "Kosa iko yangu. Sikuangalia."

Mara ya pili. Na sauti ilikuwa ileile, bila hasira, sawa mutoto ya masomo anasoma.

Yaya alifungua kinywa ili akate maneno. Nilisema: "Ngojeni."

Nilisema yote. Robinet. Kicheko ya bamama. Maneno yenye nilisema, hata ile ya Kasai, niliirudilia vile ilikuwa. Nyuma ya jiwe. Kikohozi mara mbili. Nilisema: aliona, alijaribu, nilimukataza macho. Nilisema: kama hakupanda mikono mitupu, muko munakula bukari ya kilio yangu.

Kuku mumoja tu analia mu kitunga.

Yaya alisema: "Ngoy, dawa ya lopitalo njo inakusemesha." Nilirudilia yote toka mwanzo. Mara ya pili ilikuwa nguvu zaidi, juu mara ya kwanza unaruka, mara ya pili unashuka na miguu.

Manseba alitosha miwani, aliipanguza na shati. Alisema pole pole: "Sisi kila mara kosa inakuwa yetu. Tulizoea. Leo muntu anatuambia hapana. Sijui niseme nini." Alivaa miwani. Hakusema tena.

Nilitaka dunia inimeze na kiti yangu.

Yaya, juu ya kuokoa kikao, alipiga mikono: basi, bamama bapike ule kuku, mukwe na papa mukwe bakule pamoja, haya iishe, ndoa ibakie, maneno imekwisha. Bote balifurahi. Bantu banapenda kuku ya kumaliza maneno. Bibi yangu aliisha kushika kisu.

Mukendi alikuwa angali anasimama. Kwa mara ya kwanza toka ndoa yake alinitazama mu macho. Alisema:

"Papa, kiuno yako niliisha kuiona. Nilikufunga mukaba na mikono yangu. Nilikubeba ku mugongo, ukojo yako ilishuka mu miguu yangu. Haya gani ingali? Kuku ya nini?"

Bibi yangu aliweka kisu chini.

Aligeukia bamama. "Numbi, tuende."

Numbi aliingia mu nyumba, alitoka na kitambaa yake. Alipita mbele yangu, alipiga goti kidogo sawa vile mutoto anaaga baba. Balienda. Manseba alibakia nyuma, alitushukuru sote, mumoja mumoja, na adabu.

Kuku balipika. Bantu balikula. Balinipatia paja. Nilikula, juu kila muntu alikuwa anatazama.

Jumamosi, tarehe 2

Balikuya kutwaa matelas, Mukendi mwenyewe na kinga. Balifunga na mupira. Nilikuwa mu kiti mbele ya mulango. Alinisalimia vizuri. Hakukaa.

Banahamia Bukama. Kule kuko kazi ya piloni.

Nilimuambia akamate kamba, ekru, vyote. Alishukuru, alisema wafwako, papa, lakini hapana.

Bandugu banasema nilifanya vizuri kikaoni. Yaya Kaumba mwenyewe alituma sabuni na sukari. Banasema nilikuwa muntu mukubwa. Nikisikia ile natafuta kitu ya kuvunja.

Ndoa ilipona. Ile nataka niiandike, ndoa ilipona. Yenye haikupona iko kati ya minyi na Mukendi.

Jumatano, tarehe 13

Platre ingali. Mawingu hakuna. Kule ku plato jiwe sasa iko kavu kabisa, saa muzuri ya kupanda. Acha ikae.

Majuto ni mujukuu, banasemaka. Mujukuu anaketi ku muguu yako, anakuuliza mambo, hachoke.

Jumapili, tarehe 24

Numbi alipiga simu leo, kisha ya misa. Sauti yake ilikuwa nyepesi. Anasema Bukama iko joto, samaki iko mingi, mayi ya muto inashuka. Balipata nyumba ya vyumba viwili. Anasema Mukendi alianza kazi Jumanne.

Anasema bantu ya kazi banamucheka. Mbele ya kupanda piloni, anasimamisha kila muntu, anabaambia bapandishe shati, anashika mukaba yabo na mukono. Bote. Hata enjinia mukubwa, muzee wa mvi, Mukendi alimuambia: patron, pandisha shati. Muzee alikasirika. Mukendi alisimama pale pale mpaka alipandisha. Sasa banamuita jina ya kuchekesha, Numbi hakutaka kunitajia.

Nilicheka kidogo. Kisha sikucheka.

Aliniuliza kama nataka kusema na Mukendi. Iko karibu, anasema, anatengeneza kinga.

Nilikuwa na neno: unisamehe. Siku kumi nalitafuta, nalitengeneza, naligeuza. Papa mukwe anaambia mukwe namna gani ile neno? Hakuna muzee mwenye alinionyesha. Baba yangu hakuisemaka kwa muntu.

Nilisikia simu inapita mukono kwa mukono. Nilisikia pumzi yake.

"Jambo, papa."

"Jambo, Mukendi. Bukama namna gani?"

"Joto."

"Huku baridi inaisha."

"Eyo vidye."

Alingojea. Alingojea kweli, na adabu, sawa vile alingojea pale chini ya jiwe. Niliuliza bei ya samaki. Alinijibu. Nilimuambia asalimie manseba. Alisema atamusalimia.

Kisha Numbi alirudisha simu ku masikio yake, aliniuliza kama muguu ingali inavimba.